Mshika Ncha

Tangazo rasmi kwa wakazi wote wa Palma, Kionga, Mute na vitongoji vyake, pamoja na ndugu zetu walioko ng'ambo ya Ruvuma. Mnaarifiwa kwa heshima na taadhima kwamba Bi Umi binti Abdulswamad, Mfunga Vilemba Mkuu wa pwani yote ya kaskazini, mwenye mikono isiyotetemeka na jicho lisilodanganywa, mwanamke ambaye bila yeye hakuna bibi harusi anayevuka kizingiti na kichwa cha kutazamika, asubuhi hii anapokea wageni katika makao yake makuu.

Makao makuu ni ua wa makuti nyuma ya duka la baba yake. Na mheshimiwa mwenyewe, hodi ilipopigwa, alikuwa amepiga magoti mchangani, pini mdomoni, akimbembeleza kuku aliyejiviringisha ndani ya melimeli nyeupe iliyoanikwa.

— Hodi hapa.

— Mmh, — aliitika Umi. Pini hazikumruhusu kusema zaidi.

Aliyeingia alikuwa msichana mrefu, kapulana mpya kiunoni, telemóvel, simu yake ya mkononi, kaishika kwa mikono miwili kama sahani ya ubwabwa.

— Dada, wewe ndiye mana Umi?

Umi alitema pini kiganjani.

— Ndimi. Na huyu ni kuku. Naye alitaka kilemba, nimemwambia asubiri zamu.

Msichana alicheka, akasahau aibu.

— Naitwa Sónia. Kwetu Diaca, ila siku hizi tunakaa Mute. Ninaolewa. Nilikwenda kwanza kwa Bi Sabina, akanionyesha vidole vyake vilivyokakamaa. Akaniambia, nenda kwa Umi. Wengine wanafunga vitambaa, yule anafunga vilemba.

Umi aliacha kumshughulikia kuku. Bi Sabina ndiye aliyemfundisha kazi hii tangu hajavunja ungo, na sasa ilikuwa miaka hawasemezani.

— Alisema hivyo kwa mdomo wake?

— Kwa mdomo wake. Halafu akanifukuza, akasema nimemkatizia usingizi.

— Basi ni yeye kweli. Keti, noiva, bibi harusi wangu. Vua lenso kichwani.

Mfunga vilemba hukisoma kichwa kwa vidole kabla hajashika kitambaa. Umi alipitisha mikono yake polepole, utosini, masikioni, kisogoni. Na kazi hiyo ina sharti moja, la tangu enzi za mabibi wa mabibi: kichwa ulichokwisha kukigusa hukikatai tena. Ukikikataa, umemtia bibi harusi nuksi kabla hajaolewa.

— Una kichwa kizuri. Kisogo kimetokeza, kitambaa kitapata pa kukaa. Unataka cha namna gani?

— Mchumba wangu anacho anachokitaka. Tazama, kanifunga mwenyewe, tukapiga foto.

— Mwanamume amekufunga kilemba?

— Na mimi nilicheka. Nikamwuliza, weye umejifunzia wapi mambo ya wanawake? Akasema, kwa kushika.

Umi aliipokea telemóvel kwa mkono mmoja.

Kilemba kilikuwa chake. Mizunguko mipana ikishuka kama ngazi, na nyuma ya sikio ule mkunjo mdogo wenye umbo la kombe, mkunjo uliompa jina mjini. Ila kilikuwa kinyume. Mkunjo wa Umi hukaa nyuma ya sikio la kushoto. Huu ulikaa kulia. Kila kitu kilikuwa kimegeuzwa, kama uso kwenye kioo. Kama kazi iliyojifunzwa na mtu aliyesimama mbele ya Umi, macho kwa macho, ameshika ncha ya kitambaa huku Umi akijifunga kwa mazoezi. Mtu huyo duniani alikuwa mmoja tu. Na mpaka asubuhi hiyo Umi alidhani ni mchumba wake yeye.

— Anaitwaje huyo mwenye mikono?

— Mwinyimadi. Mpishi, kule kambini kwenye mradi wa gesi. Unamjua?

— Palma yenyewe ndogo kama kiganja. Nani hamjui nani.

— Sasa utanifunga?

Mkono mmoja wa Umi ulikuwa na telemóvel. Wa pili ulikuwa bado kichwani mwa msichana.

— Nimekwisha kukugusa, — alisema. — Nitakufunga.

*

Sasa wasomaji mnapaswa kujua habari ya ncha.

Kilemba cha harusi ni melimeli ndefu kuliko chumba. Mtu mmoja hawezi kukifunga kikakaza. Lazima mwingine asimame mbali, ashike ncha ya pili, aivute na kusogea kidogo kidogo kadiri kitambaa kinavyoishia kichwani. Zamani Bi Sabina alifunga, Umi akashika ncha. Walipogombana, Umi akawa na kichwa cha mazoezi, chake mwenyewe, lakini hana mshika ncha.

Mwinyimadi aliingia dukani siku moja kununua pilipili manga, akasikia sauti ya mwanamke uani.

— We uliye dukani, una mikono?

— Ninayo miwili.

— Njoo nayo. Shika hapa.

— Nishike nini?

— Ncha. Usilegeze.

— Na nikilegeza?

— Bibi harusi wa watu atakuwa na kichwa kama andazi lililokosa hamira. Na mimi nitasema ni wewe.

Hakulegeza. Alirudi kila alipopewa mapumziko kambini, safari nyingine akinukia vitunguu, safari nyingine amemletea Umi kipande cha keki kilichobondeka mfukoni. Walipendana hivyo, katikati yao kitambaa kimevutwa. Maneno makubwa yote waliambiana kwa umbali huo.

— Umi, nataka kukuoa.

— Vuta kidogo. Hapo. Umesema?

— Nataka kukuoa.

— Nami nataka. Ila nani atanifunga kilemba? Mfunga vilemba hajifungi siku yake.

— Bi Sabina.

— Hapana.

— Kwani ulimkosea nini?

Umi alimweleza huku akizungusha kitambaa, bila kumtazama. Mwaka ule watu walipokimbia mashambulizi Palma, Bi Sabina alimkabidhi melimeli yake, ile iliyowafunga maharusi tangu zamani za bibi yake. Akamwambia, mimi sina mbio, nenda nayo. Njiani, kwenye mikoko, mwanamke mmoja alijifungua, na hapakuwa na kitambaa cha kumpokelea mtoto. Umi alichana melimeli, kiasi cha dhiraa, akamviringisha mtoto. Hapo hakukosea. Kosa lilikuja baadaye. Waliporudi, alikikunja kitambaa vizuri, akakirudisha, akanyamaza. Harusi ya kwanza, Bi Sabina akamwachia yeye afunge, kitambaa kikapungua. Akabuni mkunjo mdogo nyuma ya sikio kufichia ukingo uliochanika. Wanawake wakausifu. Bi Sabina akasogea, akaufungua kwa vidole viwili mbele ya watu wote.

— Umekata.

— Nimekata, somo. Kulikuwa na mtoto.

— Kukata si neno. Umenificha.

Umi aliona aibu, akatoka, hakurudi tena. Alinunua melimeli yake mwenyewe, nzima, isiyopungua popote. Mkunjo akauacha palepale, maana maharusi waliutaka.

— Nenda kamwombe radhi, — alisema Mwinyimadi. — Neno moja tu hilo.

— Baada ya Ramadhani.

Baada ya Ramadhani kulikuwa na maharusi wa Idi. Baada ya Idi, mvua. Kisha akaja bibi harusi mwingine, na mwingine, na Umi aliwafunga wote.

Siku moja Mwinyimadi alimtumia video kutoka kambini. Bibi mzee ameketi mbele ya hema jeupe la duara, nyuma yake milima na farasi, wanawake wawili wanamzungushia kichwani kitambaa cheupe kisichokwisha. Chini yake ujumbe:

"Huyu ni bibi yake fundi mmoja anayekula jikoni kwangu. Kwao Kirigizistani, watu wa kuhama na mifugo. Kilemba chao wanakiita elechek. Tazama yule wa kushoto, ameshika ncha."

Halafu mwingine:

"Fundi anasema bibi harusi wao hajifungi, hufungwa na mama mwenye heshima zake. Na zamani mtoto akizaliwa njiani walikata kipande cha kilemba, wakamviringisha. Hakuna aliyenuna. Mwonyeshe Bi Sabina."

Umi aliitazama video ile mpaka betri ikaisha. Alipochaji, alijibu:

"Farasi wao wamenona."

Hakumwonyesha Bi Sabina.

Mara ya mwisho Mwinyimadi kusimama pale uani, kitambaa mkononi, aliuliza:

— Umi, mimi ni mwanamume au ni msumari? Naona kama nimepigiliwa hapa kwa ajili ya kuning'inizia nguo.

Umi alicheka mpaka pini ikamdondoka. Mwinyimadi aliinama, akaiokota, akampa. Hakucheka. Baada ya hapo akasema zamu zimebadilika kambini, hapati nafasi. Umi alimwamini, kwa kuwa kumwamini hakukumtaka ainuke aende popote.

*

Sónia alipoondoka, Umi alipiga simu.

— Haloo.

— Umemfunga kinyume.

— Nani? Umi?

— Mkunjo umeuweka sikio la kulia. Mkunjo unakaa kushoto.

Upande wa pili zilisikika sufuria, kisha mlango, kisha kimya.

— Amekuja kwako, — alisema Mwinyimadi. — Nilimwambia aende kwa Bi Sabina.

— Bi Sabina mikono imemgomea. Kwa nini hukuniambia?

— Nilikuambia. Nilikuuliza mimi ni mwanamume au msumari.

— Nilidhani ni utani.

— Ulikuwa utani. Umekaa bila jibu mpaka ukaacha kuwa utani.

— Ungesema kuna mwanamke.

— Siku ile hakukuwa na mwanamke. Nilikuwapo mimi, nimeshika ncha.

— Na baada ya siku ile? Hukuwa na miguu?

— Nilikosa, sikatai. Nilipaswa kuja nikuambie uso kwa uso. Nilikuja mara mbili mpaka dukani, nikamkuta mzee wako, nikanunua kiberiti, nikarudi.

Umi alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa.

— Unampenda?

— Ni mtu mwema. Nikimwuliza neno, ananijibu siku hiyohiyo.

— Na kilemba changu? Wanawake wote hao mjini, vilemba vyote hivyo. Kwa nini umemfunga changu?



— Sijui kingine, — alisema.

Simu ilikatika, au ilikatwa. Umi hakuwahi kujua ni kidole cha nani. Aliandika "Rudi". Akaifuta. Akaandika "Leo hii nakwenda kwa Bi Sabina". Akaisoma, akaona aibu ya mtu anayekimbilia mlango uliokwisha kufungwa, akaifuta nayo.

Alikwenda dukani. Mzee Abdulswamad alikuwa akipima mchele.

— Baba, Mwinyimadi alikuja hapa?

— Alikuja. Akanunua kiberiti. Akaja tena, kiberiti. Nikajisemea, mpishi huyu ama anapika sana ama anachoma nyumba za watu.

— Hukuniambia.

— Mwanangu, niliuza kiberiti. Nilitakiwa kukutangazia?

Kisha mzee akamtazama vizuri, akaacha kupima.

— Alikuwa akiangalia huko uani, — alisema. — Hilo nilipaswa kukuambia.

*

Habari kama hizi hazikai ndani ya makuti. Alasiri ileile Márcia, jirani anayekaanga bajia, alikuwa amekwisha kuzipata, akaja na mwiko mkononi.

— Ni kweli unakwenda Mute kumfunga?

— Nimemgusa kichwa.

— Basi umgusie na pini moja.

— Unasema nini?

— Nasema pini moja tu, kisishike. Wazee wa Mute nawajua, mama yangu wa huko. Kilemba cha bibi harusi kikimwagika kabla mama mkwe hajamwamkia, harusi inasimama, watu wanarudi makwao kusikilizia nuksi. Na harusi iliyosimama, mana, huwa haiinuki. Mwinyimadi wako huyo anarudi kushika ncha.

— Na yule msichana?

— Yule atapata mwingine. Ana kisogo, umesema mwenyewe.

— Nenda, bajia zako zinaungua.

— Zinaungua kwa ajili yako, — alisema Márcia, akaenda.

Lakini siku ya kwenda Mute, alipofungua kikopo chake cha pini, alichukua pini moja. Nyingine zote alizimwaga kwenye bakuli, akalifunika.

Na sasa, wasomaji waheshimiwa, jiandaeni, maana hapa ndipo dhulma inapolipwa.

Umi alimfunga Sónia mbele ya halaiki ya wanawake, mizunguko mipana, mkunjo wa kombe nyuma ya sikio la kushoto, pini moja. Vigelegele vikapasua Mute. Bibi harusi akatoka barazani, akapiga hatua ya kwanza, ya pili, na mama mkwe alipofungua mikono, lo, kilemba kikafunguka kama nyoka aliyeamshwa, kikashuka mabegani, kikaburuzwa mchangani mbele ya wazee. Kimya kikatanda. Mkubwa wao akatamka, harusi hii imesimama. Hapo Mwinyimadi akalia kwa sauti, akalivua koti, akaiokota ncha ya melimeli kutoka mavumbini, akaifuata mpaka mwisho wake, na mwisho wake ulikuwa mkononi mwa Umi. Akapiga magoti. Akasema, mpenzi wangu, mimi ni msumari wako milele, na

*

Hapo mkono umetokea nyuma yangu, telemóvel imenyakuliwa mkononi mwangu.

Ni tia Umi mwenyewe, shangazi yangu. Mimi nimerudi likizo kutoka internato, shule ya bweni, nalala kwao, na nilidhani yuko dukani. Ameisoma yote, kutoka tangazo mpaka magoti. Kwenye kuku alitikisa kichwa. Kwenye video ya Kirigizistani alikaa kitako. Mwisho akanitazama kama ninavyotazamwa na mkuu wa bweni ninapotaja jina la mwenzangu kwa kosa langu.

— Ulikuwepo Mute, wewe?

— Sikuwepo, tia. Nilikuwa shule.

— Nani kakuambia kilemba kilianguka?

— Hakuna aliyeniambia.

— Ila?

— Nilitaka kianguke.

Aliipangusa telemóvel kwa pindo la kapulana.

— Hata mimi, — alisema. — Keti. Andika upya.

Basi nakiri mbele yenu. Wazee wa Mute hawakusimamisha kitu, koti halikuvuliwa, na magoti yale niliyapiga mimi. Yafuatayo ni kama alivyonisimulia.

Chumba cha bibi harusi kilikuwa kimejaa wanawake wenye msiro, ile poda nyeupe ya urembo, usoni, lakini Umi alipouliza nani atashika ncha, kila mmoja alimsukuma mwenzake. Kisha mlango ukafunguka, Bi Sabina akaingia na fimbo yake. Alikuwa amepakiwa kwenye gari la mihogo kutoka Palma, na bado alikuwa na jani begani.

— Nipe, — alisema.

— Vidole vyako, somo.

— Nimekuomba ncha, sijaomba ushauri.

Vidole havikuweza kukamata. Akajizungushia ncha kiunoni, akaifunga fundo kwa msaada wa meno, akaegemea nyuma. Kitambaa kikanyooka baina yao, na Sónia ameketi katikati akiwa na mwisho wake mwingine kichwani.

Umi alianza kuzungusha. Alifika kwenye sikio na kuanza kuukunja ule mkunjo.

— Kitambaa hiki kimepungua? — aliuliza Bi Sabina.

— Hapana. Ni kizima.

— Sasa mkunjo huo leo unaficha nini?

Wanawake walidhani ni maswali ya kazi. Umi aliushika mkunjo, akakaa nao.

— Nilikuficha, somo, — alisema. — Kukata kulikuwa kwa ajili ya mtoto. Kuficha kulikuwa kwa ajili yangu. Niwie radhi.

— Neno hilo limekuchukua miaka yote hiyo?

— Limenichukua zaidi ya miaka.

Bi Sabina alimtazama Sónia, akamtazama Umi, akaelewa; mtu mzima haelezwi.

— Nimekuwia radhi siku ileile, — alisema. — Nilikuwa nakusubiri uje uambiwe.

Umi aliufungua mkunjo. Akasawazisha kitambaa, kikashuka wazi mpaka shingoni, bila kombe, bila kificho. Sónia aliinua macho kwenye kioo kidogo alichoshika.

— Mana, — alisema kwa sauti ya chini. — Mchumba wangu aliposema alijifunza kwa kushika, nilijiuliza alikuwa akimshikia nani.

Umi aliendelea kulaza kitambaa.

— Ni wewe?

— Zamani.

— Na umekuja.

— Nilikwisha kukugusa kichwa.

Sónia aliuweka mkono wake juu ya mkono wa Umi, palepale sikioni, kisha akauondoa ili kazi iendelee. Umi akachukua pini yake, akaichoma.

— Nyingine, — alisema Bi Sabina.

— Nimezisahau.

— Wewe? Hujasahau pini tangu nikufundishe. Sema kweli.

Umi aliinamisha uso. Bi Sabina hakurudia kuuliza. Alikwenda kichwani kwake mwenyewe kwa vidole vile vilivyokauka, akachomoa pini za lenso yake, moja baada ya moja, kila moja kwa taabu, akampa. Lenso yake ikalegea, nywele nyeupe zikatokeza mbele ya watu, naye hakujali.

— Mfunge, — alisema. — Mfunge kama ulivyotaka kufungwa wewe.

Umi alimfunga.

Barazani, Mwinyimadi alimwona bibi harusi akipita, kisha akamwona Umi nyuma yake, amebeba kikopo kitupu.

— Mkunjo uko wapi? — aliuliza.

— Kitambaa ni kizima. Haukuwa na kazi.

Alikitazama kikopo. Kisha akasema:

— Ulikwenda kwa Bi Sabina.

— Leo.

— Leo, — alirudia.

— Nenda, Mwinyimadi. Anakusubiri. Na yeye ukimwita anaitika.

Upepo ulipiga siku ile mpaka viti vikaanguka. Walicheza, wakalishana, mama mkwe akamkumbatia bibi harusi mara nyingi zaidi ya ilivyohitajika. Kilemba hakikusogea. Wanaojua kazi wanasema Umi hajawahi kufunga kizuri kama kile, naye anakubali, na akikubali huangalia pembeni.

Wakati wa kurudi, Umi na Bi Sabina walikaa kwenye mkeka wakisubiri gari. Lenso ya bibi ilikuwa imeangukia shingoni.

— Pini zangu zimebaki kichwani mwa watu, — alisema Bi Sabina.

— Nitakununulia nyingine.

— Sitaki nyingine. Nifunge hivihivi.

Umi alimfunga kwa fundo la kawaida, kisogoni. Bi Sabina alijipapasa, akaridhika.

— Na wewe? Kichwa chako hakijaguswa na mtu.

— Nani aguse, somo? Hakuna bwana.

— Mimi nimetaja bwana?

Kisha akanyoosha mikono yake, ile ambayo haiwezi tena kushika sindano, akaipitisha kichwani mwa Umi polepole. Utosini. Masikioni. Kisogoni. Na sharti la kazi mnalijua.

Tia Umi ameisoma tena hii. Amenirudishia telemóvel. Amesema kuku alikuwa jogoo, lakini si neno, ila nimalizie kwa lililo kweli na nisiongeze.

Kilemba hakikuanguka.